Programu ya maji ilisema "kosa" tu, maharage yangu yananyauka

Wakuu, najua mnataka kuniamkia. Marahaba wote, hata wewe unayesoma umejificha bosi asikuone.

Mimi ni bibi wa Kisiwani, shule sikuingia. Simu naiongelesha, inaandika yenyewe. Haya yamenitokea kweli, chumvi sijaongeza.

Huku tunamwagilia kwa zamu, maji ya ndiva, lile bwawa letu la juu. Mjukuu wangu Nakiete, fundi wa kompyuta pale Same mjini, akatutengenezea programu. Katibu wa mfereji, Mzee Elinami, anaingiza zamu, kila mtu anapata meseji.

Juzi meseji hazikuja. Kwa yeyote.

Watu wakaanza kugombania mfereji, na maharage yangu ndiyo kwanza yanatoa maua.

Nakiete akaja na laptop. Humo ndani mna kitu kinaitwa ORM, kama mkalimani kati ya programu na database. Akikuta neno la aina asiyoitegemea, anasusa orodha nzima. Kwenye log, daftari lake la matukio, kaandika tu: kosa, type mismatch, yaani aina hazilingani. Basi.

Nikamwigiza yule muuzaji wa duka la ushirika enzi za foleni, kwa sauti ya puani: "Hakuna." Hakuna sukari? Hakuna sabuni? Kadirisha keshafunga. Mpaka biashara zilipofunguliwa ndiyo tukajua kumbe dukani mtu unajibiwa.

Nakiete akacheka. "Bibi, huyo nimemtengeneza mimi. Ngoja nimfundishe kusema."

Akaibadilisha log: itaje table gani, yaani jedwali, column gani, yaani safu, mstari wa nani, ilitegemea nini, imekuta nini. Akajaribu tena.

Wakuu, ikaongea! Akanisomea: "Table ya zamu, column ya saa ya kuanza, mstari wa Bibi Namkunda. Ilitegemea saa, imekuta maneno: jogoo la pili."

Mimi huyo! Mzee Elinami aliniuliza naanza lini kumwagilia, nikamjibu tunavyojibu siku zote, naye akaandika vilevile. Anajitetea kwa sauti yake ya besi ya kwaya: "Sasa mama, si ndivyo ulivyosema?"

Nakiete akauliza jogoo la pili ni saa ngapi. Nikamwambia amuulize jogoo.

Tukakubaliana saa kumi na moja alfajiri. Simu zikalia mfereji mzima! Kesho yake maji yakaingia shambani, nikasimama humo miguu peku kama mtoto.

Nilichojifunza: error isiyosema imekwama wapi inamchosha kila mtu, hasa mwenye maharage.

Mafundi, za kwenu huwa zinasemaje? Ziwekeni hapa niziigize.