Tonton Constant Alivyojizika kwa Lokole

Fanny ana ugonjwa mmoja tu: akipenda kitu hatulii, na majirani hawatulii naye. Mwaka huu alichokipenda ni tangazo. Mfuko mmoja ulikuwa unatoa ruzuku kwa watu watakaokusanya masimulizi ya jamii zisizosikika na kuyarudisha kwa umma, redioni na viwanjani. Aliposoma hayo kwenye simu ya mwalimu mwenzake alipiga kelele, wanafunzi wake wa darasa la nne wakadhani ameona nyoka.

"Ni sisi!" alisema. "Ni sisi kabisa, watu wa mto!"

Maana Fanny ni mtoto wa Yanonge. Amekulia kwenye moshi wa samaki, akaja mjini kusomea ualimu, akaolewa Lubunga, ng'ambo ya mto, na kila Jumapili jioni huendesha kipindi kwenye redio ndogo ya mtaa. Anaishi na mjomba wake, tonton Constant, mpigaji wa lokole, lile gogo lililochimbwa ndani ambalo wazee walilitumia kupeleka habari kijiji hadi kijiji. Si ngoma ya kuchezea, jamani. Lokole linasema. Kila mtu ana jina lake la lokole, refu kama sentensi; la tonton ni "Kasia haliazimwi siku ya upepo".

Tonton ana miaka sabini na minane na hajapata mrithi. Fanny mwenyewe, aibu iliyoje, akilisikia lokole hutambua jina lake tu, mengine yote humpita. Hilo ndilo lililomtafuna. Ruzuku ingempa vinasa sauti, mafuta ya mota ya mashua na miezi minane ya kuzunguka vijijini wakati mikono ya tonton bado ina nguvu.

Akaandika ombi, na mfuko ukajibu kwamba Jumanne angekuja mtu kutoka Goma, Madame Annette, na swali lake lingekuwa moja: nani bado anaelewa lokole? Kama hakuna, hiyo ni kazi ya makumbusho, si yao.

Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia Fanny! Jumapili alimburuta tonton mpaka redioni pamoja na gogo lake.

"Tonton, piga kile unajua zaidi ya vyote."

Tonton akapiga dakika tatu nzima, uso umekunjamana, jasho linamtoka. Fanny akacheka hewani kwa furaha. "Wasikilizaji, tamu sana! Tamu sana!" Kisha akaweka muziki.

Jumanne asubuhi Madame Annette alikaa uani, faili magotini, akauliza swali lake. Fanny akaanza kuzungukazunguka: wazee wapo, Isangi wapo, yaani, donc... Annette alikuwa mpole, na upole huo ulimtisha Fanny kuliko ukali. "Mama Fanny, unipe hata majina kumi."

Hapo kilio kikapasuka upande wa mto. Watu kama arobaini walipanda kutoka ukingoni, mikeka kichwani, mikungu ya ndizi, mbuzi mmoja akiburutwa. Mbele alikuwa yaya Simone, dada mkubwa wa tonton, mikono juu ya kichwa: "Constant wetu! Constant umetuacha!"

Tonton Constant akatokea nyuma ya nyumba, mswaki mdomoni.

Lo! Wengine walikimbia. Mbuzi alikimbia zaidi yao. Yaya Simone hakukimbia. Alimwendea ndugu yake, akamfinya shavu, akaona ni nyama ya kweli, akamchapa kofi kisha akamkumbatia.

"Ulipiga nini ku radio, weye?"

"Nilipiga habari ya kifo," alisema tonton. "Fanny alitaka ile najua zaidi. Alors, mi siwezi kuzika mutu mwengine muzima. Iko mbaya. Nikajizika miye."

Uwanja mzima ukalipuka, huyu anacheka, yule anatukana, Fanny amejifunika uso kwa kitenge. Ghafla yaya Simone akashtuka. "Jephté, mtoto yangu, iko njiani na mashua kutoka Isangi! Analeta kwaya. Analeta na sanduku ya maiti!"

Walipiga simu, haikushika. Tonton akavuta lokole, akainua vijiti, akaganda. Lokole lina maneno ya kuzaliwa, ya kufa, ya chui, ya mieleka. Neno la mtu aliyekufa Jumapili akawa mzima Jumanne halikuwepo. Hakuna aliyewahi kulihitaji.

Basi ikawa zogo. Wazee wakabishana, huyu anataka hivi, yule anasema hapana, hiyo itasikika kama mazishi mawili. Mwanamke mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni, Micheline, akasema tonton aseme habari ya moto. Wote wakageuka. Wakarekebisha, wakakata, wakakubaliana. Fanny alikuwa ameshawasha kinasa cha simu yake.

Kwenye kona ya mto mashua ikajitokeza, na wimbo wa msiba ukaja juu ya maji. Tonton akapiga: *Zimeni moto wa matanga, washeni moto wa chungu. Kasia haliazimwi siku ya upepo amekaa, ana njaa.*

Akarudia. Akarudia tena.

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Halafu mtu mmoja kule mtoni akacheka, na mashua nzima ikafuata, wakipiga sanduku kwa viganja.

Madame Annette alikuwa amesimama ukingoni, viatu ndani ya matope. Akafunga faili. "Bon," alisema. "Nilikuwa nimekuja kuwaambia hapana. Mutaanza lini?"

Fanny, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikaa chini palepale akalia kwa sauti kama mtoto.

"Nyamaza, mama," tonton Constant akamwambia. "Watafikiri nimekufa kweli."