Udongo Mweupe wa Mama

Juzi jirani yangu hapa mtaani Nsemulwa alikuwa anakandika jiko lake, harufu ya udongo uliolowa ikaingia dirishani kwangu. Najua wapo wanaoipenda, wajawazito wanaitamani mpaka wanaulamba huo udongo. Mimi ilinipandisha hasira. Nikafunga dirisha kwa kishindo, binti yangu akashtuka, "Mama, nani amekuudhi?" Nikamwambia hakuna mtu. Nilimdanganya. Aliyeniudhi ni mtoto mmoja wa miaka kumi aliyekuwa akiishi kijiji cha jirani na Inyonga, anayejua kusoma kuliko wenzake na anayejiona kweli kweli. Mtoto huyo ni mimi.

Nyie mliokulia kwenye tumbaku hamna haja ya kusimuliwa. Mwaka wetu mzima ulikuwa wa tumbaku, kuanzia kitalu mpaka kufunga marobota. Majani tuliyafunga kwenye vijiti, tukayaning'iniza ndani ya bani, kile kijumba kirefu cha udongo ambacho moto wake hauzimwi siku kadhaa mpaka majani yakauke na kugeuka rangi ya asali. Nguo zilinuka tumbaku, ugali ulinuka tumbaku, hata daftari langu la hisabati. Mikono ya mama ilikuwa na utomvu mweusi unaonata, hautoki kwa sabuni wala kwa majivu.

Lakini mama alikuwa na jambo lake. Mvua zilipoanza kukatika, aliamka asubuhi, akatembea mpaka kwenye kingo za mto mmoja wa mbali, akarudi mchana jua likiwa kali, kichwani ana ndoo ya udongo mweupe. Aliuloweka kwenye chungu, akauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ukawa laini kama uji wa mgonjwa. Kisha aliupaka ukuta wa mbele wa nyumba udongo mwekundu, ukikauka anachora kwa ule mweupe. Alichora kwa vidole na kwa kijiti alichokitafuna ncha. Alichora kanga wenye vifaranga, mizinga ya nyuki juu ya miti, na mwaka mmoja alichora basi zima, abiria wametoa vichwa madirishani, macho yamewatoka kwa ubovu wa barabara. Dereva alikuwa na masikio ya baba. Kijiji kizima kilicheka isipokuwa baba.

Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama na ndoo zao. "Mama Kabula, mwaka huu umetuwekea nini?" Mama alijibu, "Piteni huko, mtachelewa maji," lakini shingo ilikuwa imenyooka. Mvua za mwaka uliofuata zilifuta kila kitu, na yeye alianza upya.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alitufundisha mahitaji muhimu ya binadamu. Chakula, mavazi, malazi. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Nilipata vema kubwa, nyekundu. Sasa fikirieni mtoto asiye na viatu, mwenye sare moja, anayekula ugali na mlenda siku sita kati ya saba, amepewa orodha hiyo. Nilirudi nyumbani nikaanza kukagua.

Ilikuwa wiki ya kukausha bani la mwisho la msimu. Kabla ya kuwasha moto, nyufa zote za bani lazima zizibwe, la sivyo joto linatoka na majani yanaharibika. Baba akanituma udongo wa kichuguu, nyuma ya shamba. Kichuguu kilikuwa mbali, na chungu cha mama kilikuwa pale pale ukutani, udongo umeshachujwa, hauna hata punje ya mchanga. Nikauchota wote, nikakandika bani. Nilijisikia mwenye akili sana.

Mama alirudi kutoka kuokota kuni. Alitua mzigo, akatazama chungu.

"Kabula, udongo wangu?"

"Nimekandikia bani."

"Wote?"

"Wote. Mama, mwalimu amesema binadamu anahitaji chakula, mavazi na malazi. Michoro haimo. Bani linatupa chakula. Hiyo michoro yako inatupa nini?"

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya, umeambiwa na msomi! Mjibu sasa."

Mama alifungua mdomo, halafu akautazama mkono wake, ule wenye utomvu, akaufuta kwenye kanga. Aliishia darasa la tatu, na mimi nilikuwa na daftari lenye vema nyekundu. Nilimpiga mama yangu kwa shule ambayo yeye ndiye aliyenipeleka.

Kesho yake mchana, moto ukiwa umeshakolea, udongo wangu laini ulianza kupasuka kama visigino. Joto likawa linatoka kila upande, baba anazunguka bani akifoka. Mama alichukua jembe akaenda kichuguuni mwenyewe, akarudi, akaziba zile nyufa ukuta ukiwa wa moto vile vile. Vidole vyake viliungua. Tumbaku ikapona, mwaka ule tukala. Hakunigusa wala hakunisema. Ila ukuta wetu ulibaki mwekundu mtupu, na mwaka uliofuata, na mwingine. Mimi nilidhani amekua.

Miaka ikapita, nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa mjini. Mwaka jana mume wangu aliniambia niache kuimba kwaya. "Unakula, unavaa, unalala pazuri. Kwaya inakupa nini?" Nikafungua mdomo, jibu halikuja. Nilikuwa nalijua, lilikuwa limejaa kifuani, ila maneno sina. Hapo ndipo nilipomwelewa mama, na nilitamani kujipiga makofi. Wiki hiyo hiyo nilipanda basi la kwenda kijijini kwa mama na baba.

Siku hizi wana nyumba ya tofali za kuchoma, bati, ukuta wa sementi. Mama ana kabati la nguo. Nilimkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani, anaangalia njia. Nikapiga magoti, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha wa ule udongo. Ilibidi nimkumbushe.

Akacheka. "Ndiyo umepanda basi kwa hilo? Ulikuwa mtoto." Kisha akasema taratibu, bila kinyongo, "Halafu ulisema kweli, mwanangu. Ile michoro ilikuwa haina faida. Nilikuwa napoteza muda tu."

Afadhali angenitukana. Udongo ungechotwa mwingine, mto ulikuwepo. Lakini aliniamini. Kila kazi aliyoifanya mama maishani alitumwa, ametumwa na njaa, na baba, na msimu, na sisi watoto. Kule mtoni tu ndiko alikojituma mwenyewe, na mimi nikamwambia hakuna kitu.

Nilimwambia nilikosea, na orodha ilikosea, na baba alikosea kucheka. Niliongea kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Mama alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Nilipomaliza, alinipigapiga mgongoni, akanisogezea sahani.

"Kula, mama," aliniambia. "Chakula kinapoa."