Laptop ya maana au ya bei chee? Nilivyochagua mashine ya taipu Iringa

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Walio wadogo marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia.

Nimesoma uzi wa kijana anayeuliza anunue laptop ya maana kwa ajili ya biashara yake au achukue ya bei chee. Mmemjibu mambo ya RAM na processor, na hapo ndipo mnaponiacha. Ila swali lenyewe nalijua. Lilinikuta miaka ya sabini, na nusura linirudishe kwetu kukamua ng'ombe.

Nitasimulia ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Kwa umri huu sina wa kumficha.

Nilikuwa mpiga taipu hapa Mbeya, nimepanga chumba mtaa wa Soweto. Kazi ya ofisini nilikuwa nimeiacha baada ya kugombana na bosi mmoja mwenye mdomo mchafu. Niliacha asubuhi, kwa hasira, bila kushauriana na mtu. Mdomo wangu nao siku hiyo haukuwa msafi, nakiri.

Afisa mmoja wa elimu aliyeijua kazi yangu akanipa nafasi. Alitaka mtu wa kukata stensili za mtihani wa majaribio wa darasa la saba, kwa shule zote za wilaya. Zikitoka safi, kazi zake zote za mwaka ni zangu. Zikitoka mbovu, kuna mtu mwingine anaisubiri. Mwisho Ijumaa saa sita mchana, wiki tatu mbele.

Akanikabidhi stensili ishirini na nne. Kurasa zilikuwa ishirini. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kuharibu nne tu.

Tatizo, mashine sikuwa nayo. Ya kule ofisini niliiacha pamoja na bosi wake.

Nikaenda kwa baba.

Baba alikuwa mfugaji, alihama na ng'ombe wake kutoka Usukumani akatua bonde la Usangu. Kusoma hakujua. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa, maana alikuwa hajui hata kwamba nimeacha kazi. Hakunigombeza. Siku ya mnada akauza madume mawili, akafunga hela kwenye kitambaa, akasema twende wote.

Mbeya nilikuwa nimetafuta nikakosa. Iringa kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, Mzee Seif, duka lake si mbali na soko. Yeye alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza mpya, kubwa, ya mezani, nzito kama jiwe la kusagia. Bei yake ilikuwa inameza hela yote ya baba, inabaki nauli.

Ya pili ndogo, imeshatumika, ina sanduku lake la kubebea. Bei nusu ya ile. Na ilikuwa nzuri, jamani, acheni tu. Rangi ya kijani, vitufe vinang'aa.

Nikaweka karatasi kwenye ile ndogo nikapiga mistari mitatu. Herufi zikatoka nyeusi tii, zimesimama sawasawa. Nikaridhika.

Baba akamuuliza Mzee Seif, angekuwa ananunulia binti yake angechukua ipi. Mzee Seif akaigusa ile kubwa, basi, hakuongeza sifa. Duka lilikuwa lake na zote mbili alikuwa anaziuza, ila hakutaka kudanganya.

Mimi nikatazama miguu ya baba. Alikuwa amevaa makatambuga, yale ya tairi, yamechakaa hadi waya zinaonekana. Nikafikiria madume mawili kuishia kwenye chuma. Nikasema ndogo inatosha.

"Una uhakika, mayu?" Kwetu binti huitwa hivyo, yaani mama, kwa mapenzi.

"Nina uhakika, baba."

Akalipa. Njia nzima hadi aliposhukia Chimala alikuwa anatazama nje ya dirisha. Nilidhani amechoka.

Hela iliyobaki alinunulia mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Nilipopata habari nilijisikia vizuri mno. Nilijiona mtoto mwenye huruma kuliko wote nchi nzima.

Sasa vijana, niwaeleze stensili. Ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, unapiga herufi, na herufi inaikata ile nta. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya kurudufu, wino unapita kwenye vile vijitundu, nakala zinatoka mamia. Ukigonga kidogo haisomeki. Ukigonga sana unatoboa.

Jumatatu nikakaa mezani na ile kijani yangu. Stensili ya kwanza, mstari wa kwanza, nikainyanyua kwenye mwanga.

Kila herufi a ilikuwa imedondoka tumbo. Herufi o zote zimekuwa matundu. Na Kiswahili chetu mnakijua, hakuna mstari usio na a.

Nikapunguza nguvu ya vidole. Ikawa nusu hazikukata na nusu zimetoboka. Hiyo ya pili. Ya tatu nikaweka karatasi mbili nyuma yake, nikapiga polepole kama mtu anayeokota sindano. Matundu yaleyale. Imebaki moja ya kuharibu.

Nikaacha.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya dukani. Nikabonyeza kwa ukucha ile rola ya mpira ambayo karatasi huizunguka. Ukucha haukuacha alama. Mpira ulikuwa umezeeka, umekauka, umekuwa mgumu kama kwato. Rola ngumu kwenye karatasi inatoa herufi safi za kupendeza. Kwenye stensili herufi inageuka kisu, na rola inakuwa ubao wake wa kukatia.

Mpiga taipu mzima, nimeenda kununua mashine ya stensili, nikaijaribu kwa barua. Fundi cherehani gani anajaribu cherehani bila kitambaa?

Kesho yake nikapanda basi la Iringa, mashine mapajani. Njiani nilitunga uongo kabisa: ningesema imeharibika yenyewe. Nilipofika nikamkuta Mzee Seif anakunywa kahawa, akanikaribisha vizuri, uongo ukanishinda. Nikamwambia yote.

Akabonyeza ile rola, akatikisa kichwa. Akasema angejua ni ya stensili asingeniuzia, lakini sikusema na yeye hakuuliza, kwa hiyo kosa tugawane. Ataipokea kwa bei ileile, mimi niongeze nusu iliyobaki nichukue kubwa. Ila kuna chuo kimeiulizia. Atanishikia hadi Jumatatu, zaidi ya hapo hawezi kuahidi.

Nusu iliyobaki ilikuwa ina miguu minne, inakula majani Usangu.

Sitasahau ile safari ya kutoka Chimala kwenda nyumbani. Nilitembea nikitamani njia irefuke. Nilikuwa namwendea mtu asiyejua kusoma kumwambia kwamba swali alilouliza yeye dukani ndilo nililopaswa kuuliza mimi.

Nilimkuta zizini. Nikamwambia nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akafungua zizi, akamtoa yule mtamba. Akasema tu kwamba mnada ni Jumamosi. Mtamba akauzwa, tena kwa hasara kidogo, na baba akajazia kwa mbuzi wawili.

Jumatatu mchana nilikuwa dukani kwa Mzee Seif. Jumanne asubuhi stensili ya kwanza ilikuwa kwenye rola mpya. Nilipiga mstari mmoja, nikashindwa kutazama. Nikasimama, nikanywa maji, nikarudi.

Herufi zote zilikuwa na matumbo yao.

Nilipiga siku tatu, mgongo unawaka. Ukurasa wa kumi na tano niliruka swali zima, ile akiba yangu ya mwisho ikaenda. Kurasa tano zilizobaki nilizipiga huku nasoma kila neno kwa sauti. Ijumaa saa tano asubuhi niliziweka mezani kwa afisa. Akazinyanyua dirishani moja moja, nami nahesabu pumzi. Ya mwisho alipoishusha akaniuliza kama Jumatatu naweza kuchukua nyingine.

Mwezi ule nilimpelekea baba sukari, majani ya chai na makatambuga mapya. Nikamwomba radhi kwa ajili ya mtamba na mbuzi.

Akasema mtamba si kitu, ng'ombe huzaliwa.

"Siku ile dukani ndiyo iliniuma. Mimi nilishawaambia watu wote hapa, binti yangu ananunuliwa mashine ya madume mawili. Halafu nikarudi na mtamba. Wakaniuliza, dume la pili limerudije?" Akayageuza yale makatambuga mkononi. "Nani alikutuma unihurumie, mayu?"

Wakuu, nililia pale pale, mtu mzima.

Somo la mashine ni jepesi: ijaribu kwa kazi utakayoifanya, si kwa kazi inayoipendezesha. Hilo hata kwenye laptop nadhani lipo.

Lakini kijana, kama kuna mzazi au ndugu anayekuchangia, usimchagulie ukubwa wa zawadi yake. Mimi nilidhani nampunguzia baba mzigo, kumbe nilikuwa namrudishia nusu ya zawadi yake mbele za watu.

Haya, mwageni yenu hapa. Nani mwingine amewahi kumhurumia mtu ambaye hakuomba huruma?