Emulator ilivyofundisha vidole vyangu kungoja

Wakuu, niaje. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi sitaongeza.

Miaka ya tisini tulikaa Pumwani. Baba alikuwa amepunguzwa kazi reli, na kwa vile mimi ndiye kifungua mimba, macho yote nyumbani yakanigeukia. Nikaingia kozi ya kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa.

Mashine zilikuwa Mac za msaada. Ofisi za town nazo zilitaka mtu wa Windows. Mwalimu wetu, Mr. Wekesa, akaweka emulator, yaani programu ya kuifanya Mac ijifanye mashine ya Windows. Tulifurahi sana.

Shida ni kwamba kila amri ilibidi itafsiriwe kwanza.

Mnajua mahubiri ya mkalimani? Mhubiri anasema sentensi, ananyamaza, mkalimani anairudia, na ibada inachukua muda mara mbili. Hivyo ndivyo zilivyokuwa mashine zetu. Ukichapa haraka, herufi nyingine zinapotea njiani.

Mwalimu akatuambia, "Andika maneno mawili, ngoja yatokee, ndio uendelee."

Nilitii. Nikawa wa kwanza darasani kwa kutokosea, na Baba akanisifu kwa majirani hadi nikaona haya.

Nikaitwa interview town, kazi ya kuchapa. Nilienda kwa miguu, nimevaa viatu vya Mama. Tulikuwa wasichana watatu, kila mmoja na kompyuta yake, Windows yenyewe sasa.

Wenzangu walipoanza, kibodi zililia kama mvua juu ya mabati. Mimi nikaandika maneno mawili, nikangoja. Mawili mengine, nikangoja.

Mwanamke wa ofisi aliyetusimamia akaja nyuma yangu. "Msichana, unangoja nini?"

"Nangoja maneno yatokee, madam."

Akainama, akaangalia skrini. "Si yametokea kitambo."

Nilijaribu kuharakisha, mikono ikakataa. Kazi sikupata. Niliumia, hasa nilipomkuta Baba amekaa mlangoni akinisubiri.

Mwalimu simlaumu, alitupa alichokuwa nacho. Siku hizi emulator zina kasi, na vijana huniambia mashine ikichelewa kidogo si neno. Mimi najua ule uzito wa mashine ulihamia mikononi mwangu, na kuutoa kulinichukua muda mrefu kuliko kozi yenyewe.

Nawe ulijifunzia mashine gani, na ilikuachia tabia gani? Semeni, nasoma zote.