Kifuniko Alichochonga Baba

Kakangu mkubwa ndiye aliyekata kauli kwamba baba arudi ushago, kijijini kwetu Ukambani, na kauli yenyewe akaitoa kwenye kundi la familia la simu, ambamo baba hayumo kwa sababu simu yake ni ya kubonyeza. "Mzee amechoka. Mkono unatetemeka. Aende apumzike." Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya boda ya mteja gerejini kwangu Jericho, mafuta machafu yakinidondokea kwenye nywele. Nilikasirika hata nikasahau spana nimeiweka wapi.

Baba alikuwa mchongaji kwa zaidi ya miaka hamsini. Twiga, vifaru, vijiko vya saladi, na wale wazee wenye fimbo ambao watalii huwapenda sana na ambao sijawahi kumwona hata mmoja Ukambani. Alipougua, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na watoto waliosomeshwa na mkono huohuo wakaanza kumkatia nyama kwenye sahani. Hata mimi nilimkatia. Nakiri.

Wakati huo nilikuwa na wazimu wangu nyuma ya nyumba yetu ya kaunsili pale Kaloleni, ninakoishi na baba. Nilikuwa natengeneza pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja, kuukuu kuliko mimi, niliyoikuta kwa mtu ikilaliwa na kuku. Nilikuwa nimeirefusha fremu na kuishusha, nimeivua taa na kila kitu kisichosaidia kwenda mbele, nikaivisha kabureta kubwa ya gari. Nilitaka kuikimbiza mita mia nne, mstari mnyoofu, dhidi ya wale vijana wa pikipiki mpya wanaoniita fundi wa punda. Kilichonikwamisha ni kifuniko cha juu ya injini, kile kinachoshikilia mikono ya valvu. Kilikuwa kimepasuka, na kingine hakipatikani popote, wala kipya wala cha mtumba.

Nikakibeba hadi mezani, nikakiweka mbele ya baba.

"Baba, mafundi wa kuyeyusha chuma kule Shauri Moyo wanahitaji mfano wa mbao. Wanaushindilia kwenye mchanga, wanautoa, wanamimina chuma palepale. Nichongee."

Alikigeuzageuza kile kifuniko, kisha akaniuliza mbao za mjakaranda tutazipata wapi.

Jumapili kakangu alishuka kutoka kwake mtaa wa Pipeline, akakuta mabanzi sakafuni na baba ameshika tezo. Akanivuta kando, lakini alipayuka kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Wewe unamchezea mzee! Hicho kitu kikipasuka ukiwa juu yake, mafuta ya moto yatakumwagikia mapajani, halafu tutasemaje? Kwamba tulimwacha mgonjwa atengeneze injini?"

Kabla sijamwashia moto, baba akasema kutoka kitini, "Kikipasuka, hata ufa wa unywele, Ijumaa inayofuata napanda gari naenda ushago. Kisipopasuka, nisisikie tena habari ya kupumzika."

Kakangu alikubali upesi mno. Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

Mkono wa baba ulitetemeka mpaka tezo ikagusa mti, ndipo ukatulia. Simaanishi alipona, vifungo vya shati bado vilimshinda. Lakini ule mfano aliuchonga hadi mtu angeweza kuufunga kwenye injini akadhani ni chuma kilichopakwa rangi. Kule Shauri Moyo wakayeyusha pistoni chakavu, wakamimina, wakapasua mchanga. Kifuniko kilitoka kizuri ajabu. Nilipokiweka juu ya injini, matundu ya boliti yalikataa kukutana, yakapishana kwa unene wa njiti ya kiberiti.

"Sijawahi kukosea kipimo," baba alisema. Uso wake sikuweza kuutazama.

Fundi wa kuyeyusha, mtu mnene mwenye nyusi zilizoungua, akatikisa kichwa. "Mzee, hujakosea. Mbao yako iko sawa kabisa. Shida ni hii chuma, ikipoa inanywea. Ukitaka itoke poa, chonga kubwa kidogo."

"Kwa hivyo nichonge makosa."

"Eeh. Lakini makosa ya kupimwa."

Hilo lilimuuma baba kuliko ugonjwa. Alichonga wiki nzima amenuna, na mfano wa pili akauharibu, kwa sababu kila alipoushika msasa mkono ulirudi wenyewe kwenye kipimo sahihi. Tukauchemshia chai. Wa tatu aliuchonga huku akiutukana Kikamba, na huo ndio uliotoa kifuniko kilichokaa.

Mbio zilikuwa nje ya mji, kwenye kiwanja kidogo cha ndege kisichotumika tena, jua la saa sita likichoma lami. Msimamizi wa mlangoni, kijana mwenye karatasi zake, aliitazama pikipiki yangu akatabasamu, akaniita kama anayemwita mamake. "Sasa madhe, hiyo peleka pale kwa maonyesho, watu wapige picha."

"Sikuja kupigwa picha. Nimekuja kukimbia. Ikague."

"Madhe, hii ni mzee sana."

"Nimekwambia ikague!"

Akaita wakaguzi. Walichokonoa kila kiungo kilicholehemiwa, wakatafuta mafuta yanayovuja, hawakupata kisingizio. Nilipewa mikimbio mitatu, yote dhidi ya kijana mmoja mwenye pikipiki ya silinda nne. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, kakangu amesimama nyuma yake kama askari jela.

Mkimbio wa kwanza niliachwa. Wa pili niliachwa. Nilirudi nikiisukuma ile pikipiki, nikaanza kuifuta.

"Mama," baba akaniita. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake. "Mbona ukifika katikati unalegeza mkono?"

"Naichunga injini."

"Injini, au mimi?"

Alikuwa amenishika. Mara zote mbili, injini ilipopandisha sauti, nilikuwa nimeona Ijumaa na begi lake mlangoni, nikapunguza mafuta.

"Nyama mnanikatia," akasema, na sasa alikuwa anafoka, watu wakageuka. "Na hii pia unanikatia? Nilichonga kitu cha kubembelezwa? Nenda ukakivunje kama kinavunjika!"

Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo niliyopanda nayo pikipiki. Bendera ilipoanguka niliachia klachi, gurudumu la nyuma likapiga kelele, nikafungua mafuta yote. Nilipofika katikati nikalala juu ya tangi. Injini ilitetemesha meno yangu na macho, na kila kitu chini yangu kiliomba nilegeze. Sikulegeza. Yule kijana alinishinda, ndiyo, lakini kwa urefu wa pikipiki moja tu, na alipovua helmeti hakuwa na utani.

Kakangu alifika kabla injini haijapoa. Jua lote lile, na bado akawasha tochi ya simu. Alikimulika kifuniko juu, pembeni, kwenye kila boliti, akakipitishia ukucha akaungua, akapitisha tena. Baba alikuwa amejikongoja hadi pale, akingoja.

"Hakuna ufa," kakangu akasema shingo upande.

"Vizuri," baba akasema. "Ijumaa utanipeleka ushago."

Kakangu akainua uso.

"Mjakaranda wa mjini umejaa misumari. Nataka mti safi, nimchongee huyu mfano wa silinda nzima, silinda kubwa. Jumapili uje unirudishe," baba akamwambia. "Na uje na lori."