Maji ya Fisi

Neno lililoninyima raha wiki nzima lilikuwa moja tu, tena lilikuwa sahihi. Lingekuwa kosa ningeomba radhi nikalala. Lakini utaombaje radhi kwa neno sahihi?

Kwetu Olasiti maji ya kisima kirefu cha mtaa ni meupe, ya baridi, matamu. Mtu akitoka Dar akanywa glasi moja anaanza kuuliza bei ya viwanja. Ila ndani yake mna floraidi, madini yanayotoka kwenye mawe ya Mlima Meru, na floraidi haina haya. Inamfuata mtoto mpaka ndani ya ufizi, inayashika meno kabla hayajaota, na yakija kutoka yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni tangu Pasaka. Mimi ninayo ya namna hiyo, mdomo mzima. Nimewahi kufika Singida nikacheka mara moja tu, na mwenye hoteli akaniambia, "Karibu sana, mgeni wa Arusha."

Mimi nacheka tu, nimeshazoea. Lakini wakati huo binti yangu alikuwa na miaka miwili. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe kama punje za mahindi mabichi, na kila alipochekacheka nilimchungulia mdomoni, maana nilishaambiwa kwamba yale ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, chini yake, kwa maji anayokunywa sasa hivi. Siyo mwakani. Kila kikombe kilikuwa kama tofali linaloingia ukutani. Nilikuwa nikiona anakunywa natamani kumnyang'anya, na asipokunywa mama yake ananiuliza kama nataka mtoto akauke.

Ndipo wakaja wageni. Ulikuwa mradi wa ushirikiano, wataalamu kutoka nchi moja ya baridi pamoja na watu wetu wa maji, na walikuwa na chujio moja kubwa la majaribio la kufunga kwenye kisima cha mtaa. Mkuu wao alikuwa mama mhandisi, mrefu, nadhani aliposimama karibu na tangi la maji tangi lilijisikia vibaya. Sharti lake lilikuwa moja: wakazi wakubali wenyewe mkutanoni, wachague kamati ya kulitunza. Wasipokubali hadi Jumapili ya pili, chujio linakwenda Nduruma, ambako wenzetu walishaliomba.

Mwenyekiti wa mtaa akanifuata nikiwa nimelala chini ya sinki la mtu. Mimi ni fundi bomba. Kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, nikikaa dawati moja na kijana aliyeniita mjomba, na Kiingereza nilichokipata pale nilikuwa nikikitafutia mahali pa kukimwagia.

"Fundi, utatafsiri Jumapili," akasema mwenyekiti.

"Mzee, umefika kwenyewe," nikamjibu kutoka chini ya sinki.

Jumapili hiyo nilivaa koti la harusi. Mama mhandisi alieleza vizuri sana, na mimi nikatafsiri vizuri kuliko alivyoeleza. Alisema maji yatapita kwenye mkaa, mkaa utazuia floraidi, yatatoka safi. Watu wakatikisa vichwa. Akasema mkaa huo si wa miti, ni wa mifupa, na akalitaja neno la Kiingereza ambalo mimi nalijua tangu darasa la tatu. Nikageuka nikatamka kwa sauti ya redio:

"Ni mkaa wa mifupa ya wanyama!"

Mzee mmoja Mwarusha, mwenye ng'ombe wengi kule juu Olmotonyi na nyumba ya kupangisha hapa mtaani, akanyoosha fimbo yake.

"Ero, kijana, umesema wanyama?"

Nikamgeukia mhandisi nihakikishe. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kabisa.

"Wanyama, baba!" nikasema, na mikono nikaitanua kana kwamba nimewaleta mwenyewe.

Mkutano ukaahirishwa bila makofi. Nikadhani wameguswa.

Jumanne nikaenda bombani na ndoo mbili. Akina mama walikuwa foleni, na mmoja wao, jirani yangu Mchaga mwenye duka la vipodozi, akapiga ukelele: "Mpisheni! Mpisheni mwenye maji ya fisi!"

"Fisi gani tena?"

"Mbe, si ulisema mwenyewe? Mifupa ya fisi, ya nyani, ya tumbili. Mwanangu akinywa si ataota mkia? Meno ya kahawia yanafichika, shemeji. Mkia utauficha wapi?"

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi nilicheka nao kidogo, halafu nikaacha. Nikaelewa. Sisi tunaishi kati ya hifadhi na hifadhi. Kwetu wanyama ni wale wanaofuatwa na wazungu kwa kamera. Wa nyumbani ni mifugo, na ng'ombe ni ng'ombe. Mwambie mzee wa Kiarusha kwamba ng'ombe wake ni mnyama uone kama utamaliza chai aliyokumiminia. Basi mtaa mzima ulisikia kwamba wageni wamekusanya mizoga ya mbugani, wameichoma, wanataka tuinywe. Waarusha nyama ya porini hawaigusi. Wachaga walimwaza nyani. Waislamu walimwaza ngiri, na ngiri ni nguruwe tu aliyekosa banda.

Nilizitua ndoo palepale nikapanda juu ya jiwe. "Jamani, ni ng'ombe! Nilimaanisha ng'ombe!"

"Juzi wanyama, leo ng'ombe," akasema dada mmoja akifunga kitenge vizuri. "Kesho atasema ni kuku wa kienyeji."

"Huyu si ndiye aliyesema alitoa chatu kwenye bomba la shule?" akauliza mwingine.

Chatu alikuwepo. Urefu wake ndio niliurekebisha kidogo.

Tangu hapo sikukaa. Kula nilikula nimesimama. Mke wangu alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikwenda kwa mama mhandisi, nikamkuta kisimani akijaza vichupa vyake, nikamweleza kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho na mikono miwili. Akatoa kamusi ndogo mfukoni, akapekua, akaniwekea kidole kwenye mstari.

"Wanyama," akasoma kwa Kiswahili chake cha kupiga hatua moja moja. "Ni sawa. Kamusi inasema sawa."

"Mama, kamusi haijawahi kuchota maji Olasiti," nikamwambia.

Akafikiri. Akaniuliza ni nani mtaani ambaye akisema neno linaaminika. Nikamwambia yupo mmoja, na kwamba namwogopa.

Huyo alikuwa bibi mmoja wa Tanga. Alikuja Arusha akiwa mwali, akakaa mjini, mitaa ya zamani, miaka mingi akiuza supu ya kongoro, kisha wanawe wakamjengea kwetu. Hana cheo chochote, lakini akisema mchele una mawe, mchele haununuliwi. Nilimkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniletea mifupa?"

"Bibi, wallahi ni ya ng'ombe."

"Usiape, bwana, hujaulizwa. Mimi sina neno na ng'ombe. Nauliza, nani kachinja?"

Nilishajiandaa kwa fisi, nyani, ngiri na tembo. Kwa mchinjaji sikujiandaa.

"Hujui," akasema. "Hujui, na umepanda juu ya jiwe kuwatangazia watu. Mwanao ana miaka mingapi yule?"

"Miwili, bibi."

Akaendelea na mchicha. Nikahesabu majani, naapa yalifika elfu. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nipeleke huko mnakochomea."

Ijumaa asubuhi nikakodi bajaji. Tanuru lilikuwa nje kidogo ya mji, si mbali na machinjio, na harufu ilitupokea kabla ya wenyeji. Kijana wa bajaji alikataa kusogea, akatuacha barabarani. Mama mhandisi alikuwa ametangulia, amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mchomaji alikuwa baba mmoja mpole. Akatuonyesha mifupa iliyokaushwa juani, akatuonyesha tanuru, akatuonyesha mkaa uliokwisha kupondwa na kuchekechwa, punje nyeusi kama mchele uliofiwa.

Bibi hakuutazama mkaa. Alikwenda kwenye rundo la mifupa ambayo haijachomwa, akakunja buibui lake, akachuchumaa. Akaanza kuchagua kama achaguavyo maharage.

"Kwato. Ng'ombe. Hili goti, ng'ombe. Huu mguu wa mbele, ng'ombe, na alikuwa mzee maskini. Huu ungetoa supu nzuri, mmeuharibu."

Kila alipotaja ng'ombe mimi nilishusha pumzi, kila aliponyamaza nikazunguka rundo. Akaniambia nisimame namtia kizunguzungu. Nikasimama. Miguu ikakataa, nikazunguka tena.

Halafu akaokota taya moja dogo la juu, jembamba. Akaligeuza. Akalitazama juani. Akaligeuza tena. Nilimwona binti yangu shuleni, ameziba mdomo kwa kiganja kila mwenzake anapochekesha, na yote kwa sababu ya taya la nguruwe mmoja aliyepotea njia.

"Hili," akasema bibi.

"Nini, bibi?"

"Nyamaza." Akapitisha kidole kwenye ufizi mkavu wa mbele, usio na jino hata moja. "Mbuzi. Nilidhani jambo, kumbe mbuzi."

Mama mhandisi, ambaye mengi hakuyaelewa, aliona nilivyokaa chini vumbini, akajua ni habari njema.

Bibi akamwuliza mchomaji mifupa inatoka wapi. Machinjioni, akajibu, na haichanganywi na ya kwingine. Na wanaochinja? Akawataja wawili. Bibi akamkata: mmoja wao alikuwa akija kunywa supu kwake kila baada ya sala ya asubuhi, na deni la kikombe kimoja hajalipa mpaka leo. Akasimama, akajipangusa.

"Basi. Mimi nimeona."

"Utawaambia Jumapili, bibi?"

"Utawaambia wewe. Wewe ndiye uliyeharibu. Mimi nitakaa mbele nikutazame. Ukiongeza chumvi, nitakohoa."

Jumapili watu walijaa kuliko mara ya kwanza. Nadhani wengine walikuja kuona fisi. Bibi alikaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Koti la harusi nililiacha nyumbani.

"Nilikosea kusema," nikaanza. "Ni mifupa ya ng'ombe na mbuzi. Inatoka machinjioni. Wamechinjwa na watu mnaowajua. Tumekwenda kuiona, mimi na bibi, rundo refu kama Mlima..."

Bibi akakohoa.

"Rundo la kufika kiunoni," nikasema. "Inachomwa, inapondwa, inawekwa kwenye tangi. Ni hivyo tu."

Watu walimtazama bibi, siyo mimi. Bibi hakukohoa, alitazama mkoba wake. Mwishowe yule mzee Mwarusha akanyoosha fimbo.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa kununuliwa, baba. Mnadani."

"Wangekuwa wangu mngejua kwa ladha ya maji," akasema, na mkutano ukapasuka kwa kicheko. Jirani yangu wa vipodozi akapaza sauti, "Na mkia?" Nikamwambia mkia unabaki machinjioni. Mwenyekiti akaomba mikono. Mimi sikuweza kuhesabu, nilitoka nje nikazunguka jengo. Niliporudi mwenyekiti alikuwa anaandika majina ya kamati, na la kwanza lilikuwa langu.

Chujio likafungwa. Nduruma, nasikia, walipata la kwao baadaye. Mwaka uliofuata mama mhandisi akarudi kwao, tukaagana kwa soda. Kabla hajaondoka alinifundisha jambo ambalo laiti angenificha ningekuwa mtu wa raha: mkaa wa mifupa unachoka. Unajaa floraidi, halafu unaacha kufanya kazi kimyakimya. Maji hayabadiliki rangi wala harufu. Unakunywa ukidhani umeokoka. Kwa hiyo aliniachia boksi la dawa nyekundu, ya matone. Unatia kwenye maji kidogo, unasubiri. Yakibaki mekundu, mkaa bado mzima. Yakipauka kuelekea njano, umekwisha, twende tena kwa mchomaji, na bibi akague rundo.

Watu wa maji walisema nipime mara moja kwa mwezi. Mimi napima kila Jumamosi, na wiki mbaya napima Jumatano pia. Mke wangu anasema dawa itakwisha kabla ya mkaa. Binti yangu sasa ana miaka minne na nusu. Meno ya mbele ya ukubwani yatatoka akifika sita au saba, na mpaka siku hiyo hakuna mtu, si daktari, si mhandisi, si mimi na kidato changu cha nne, anayeweza kusema nini kimejengwa mle ndani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa dirishani, nimekishika kichupa juu, kwenye mwanga. Wekundu ulikuwa uleule, au ulikuwa umepungua, sikuwa na hakika. Binti yangu akaja mbio kutoka uani, jasho usoni, kikombe chake cha plastiki mkononi, akanivuta suruali.

"Baba, maji."

"Subiri, mama," nikamwambia. "Subiri kidogo."

"Nina kiu."

"Najua. Subiri."

Akakaa chini sakafuni kusubiri, na mimi nikaendelea kutazama.