Matanga ya Mtu Aliye Hai

Moshi wa korosho zinazochomwa ukinifikia popote, namwona bibi yangu amevaa shati la mwanamume.

Jirani yetu mchoma korosho alikuwa mtu wa Msumbiji. Watu wa uhamiaji walimrudisha kwao kupitia Kilambo, kwenye kivuko cha mto wa mpakani, akabaki mkewe na watoto. Majirani hawakujua jambo kama hilo lina desturi gani, basi wakafuata waliyoizoea: wakatandika mikeka uani, wakasonga ugali wa muhogo, wakainamisha vichwa. Mpita njia mmoja akavua kofia, akauliza maziko ni saa ngapi. Mama wa watu alikaa tu, hali wala hanywi.

Bibi, ambaye kwa kabila alikuwa mtani wao, uzalendo ukamshinda. Aliingia ndani, akatoka na shati la yule baba, akatembea kama yeye, kifua mbele.

"Nimevuka mto kidogo tu, mmeshaniwekea matanga! Na korosho zangu nani kala?"

Watoto walicheka mpaka wakagaragara. Mama yao naye akacheka, machozi yakimtoka, akamega tonge.

"Haya, mtani, vua. Mwenyewe yu hai."

Bibi akalivua, akataka kulifua kwanza.

"Wee, usithubutu!" Mama yule akamnyang'anya, akalinusa, akalikunja.